Gunia la CAN Linalopotelea Angani

Januari na Februari, kabla trekta hazijaingia shambani, simama popote kati ya Endebess na Moi's Bridge utahesabu mioshi mingi kuliko mawingu. Ni mabua ya mahindi yanayochomwa ili shamba liwe safi kabla ya mvua za Machi. Teremka hadi Bungoma, hadithi ni ileile kwa malighafi tofauti: majani makavu ya miwa kuelekea Bukembe, mashina ya maharagwe uani, na magunzi jikoni karibu kila boma. Moshi huu ukijadiliwa, huwa tunazungumzia mapafu au kaboni. Yote mawili ni ya haki. Lakini kuna kitu cha tatu kinachoondoka na moshi, nacho ndicho mkulima hukipangia foleni kila msimu kwenye bohari ya bodi ya nafaka, NCPB: naitrojeni.

Tuchukue ekari moja iliyotoa magunia 20 ya kilo 90. Kwa Kitale hayo si mavuno ya kujisifia, wala si ya aibu. Hizo ni kilo 1,800 za punje. Uzito wa mabua na majani makavu hukaribia uzito wa punje, na magunzi huwa kama sehemu moja ya sita. Mabua yana naitrojeni ya takriban asilimia 0.6, magunzi karibu nusu asilimia. Yaani mabua yamebeba kama kilo 11 za naitrojeni, na magunzi kilo moja na nusu. Gunia la kilo 50 la mbolea ya CAN lenye naitrojeni asilimia 26 lina kilo 13. Anayetia kiberiti masalia yote ya ekari hiyo ameteketeza karibu gunia zima la mbolea ya kukuzia. Serikali iliposhusha bei ya gunia la ruzuku kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500 mwezi Agosti 2023, watu walishangilia shilingi elfu moja. Sijasikia mtu akipiga hesabu ya hili lingine.

Wingi wa mabua yetu una historia. Kazi ya kuzalisha mbegu za mahindi ilianza Kitale mwaka 1955 chini ya Michael Harrison, na mahindi ya Kitale Synthetic II yalipochanganywa na Ecuador 573, aina iliyotoka nyanda za juu za Amerika Kusini, ikapatikana H611 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mahindi ya ukoo huo, pamoja na H614 inayopendwa hadi leo, hukaa shambani miezi sita hadi minane na hurefuka kumpita mtu. Mbegu iliyojaza maghala ndiyo hiyo hiyo inayotuachia milima ya mabua kila Desemba.

Sasa tuingie ndani ya moto wenyewe.

Naitrojeni ya mmea mkavu iko zaidi ndani ya protini, na majani huwa nayo nyingi kuliko bua. Joto linapopanda, maji hutoka kwanza. Kuanzia nyuzi 200 hivi za Selsiasi nyuzinyuzi za mmea huanza kuvunjika, na kuanzia karibu 250 protini nazo huachia. Wataalamu huita hatua hii pairolisisi: kitu kinavunjwa na joto kabla oksijeni haijakifikia. Mwali tunaouona ni gesi zilizotoka humo zikiungua juu yake. Kwa hiyo hatima ya naitrojeni huanza kuamuliwa kabla ya mwali kuonekana.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Ukiupasha moto, baadhi ya pingili hujikunja mbili mbili na kufanya pete ndogo. Pete hizo zikizidi kuchemka hupasuka na kutoa sianidi ya haidrojeni, pamoja na gesi nyingine kali iitwayo asidi isosianiki. Pingili nyingine hutoa amonia. Zinazobaki hujifunga ndani ya mkaa, katika pete za kaboni ambazo si rahisi kuvunjika. Kwa hiyo kuna milango mitatu mikubwa: sianidi, amonia na mkaa. Kinachoamua kila mlango upate kiasi gani, zaidi ya kitu kingine chochote, ni kasi ya kupashwa moto.

Chukua jani kavu la muhindi na ulitupe juu ya makaa mekundu. Halifikii unene wa milimita moja. Ndani ya sekunde moja au mbili lote limevuka nyuzi 500, gesi zimefyatuka, mwali umeruka, na kilichobaki ni utando mweusi unaopeperuka ukiupuliza. Kwa mwendo huo sehemu kubwa ya naitrojeni hutoka kama gesi, na sianidi huongezeka kadiri joto linavyokuwa kali. Kisha weka gunzi zima palepale. Ngozi yake ya nje itakuwa mkaa huku moyo wake bado unatoa mvuke. Gesi zinazozaliwa katikati hulazimika kupenya tabaka la mkaa wa moto ili zitoke, na humo njiani hubadilika: sehemu ya sianidi hugeuka amonia, na sehemu ya oksidi za naitrojeni zinazokutana na mkaa hunyang'anywa oksijeni na kuwa naitrojeni ya kawaida. Gunzi na jani huenda vimetoka kwenye mmea mmoja na vimeunguzwa kwenye mafiga yaleyale, ila moshi wao haufanani kikemia. Kuhusu uwiano kamili wa sianidi na amonia wanakemia bado wanabishana, maana unyevu, potasiamu ya mmea na ukubwa wa kipande vyote vina sauti. Mwelekeo wenyewe haubishaniwi sana: joto la pole huacha naitrojeni zaidi ndani ya mkaa na kupendelea amonia, joto la ghafla huifukuza na kupendelea sianidi.

Gesi hizo zikiingia kwenye mwali wenye hewa ya kutosha, sianidi na amonia huungua zikawa oksidi za naitrojeni. Hapa kuna jambo linalochanganya hata wahandisi. Katika injini ya gari, oksidi hizi hutokana hasa na naitrojeni ya hewa yenyewe, kwa sababu joto la humo hupita nyuzi 1,500. Moto wa mabua na wa jikoni haufiki huko. Karibu yote inayotoka kwenye moto wetu imetoka ndani ya mmea. Ndiyo maana swali la kwanza juu ya kuni yoyote linapaswa kuwa: ina naitrojeni kiasi gani?

Na rundo linalofuka bila mwali, lile la asubuhi lenye umande ambalo mtu ameliwasha akaenda zake chai? Hilo hutoa amonia kwa wingi na oksidi kidogo. Moto wa kufuka na moto wa kuwaka ni mitambo miwili tofauti.

Mwaka 1990 timu ya Taasisi ya Max Planck mjini Mainz, wakiwemo Jürgen Lobert na Paul Crutzen (aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1995), ilichapisha vipimo vya nyasi, majani na kuni zilizochomwa maabara. Walipojumlisha naitrojeni yote waliyoweza kuipima kwenye moshi na majivu, hesabu haikufunga. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha ilikokwenda: sehemu kubwa, pengine inayokaribia nusu, ilikuwa imegeuka naitrojeni tupu, gesi ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa. Kwa mazingira hiyo ni nafuu, kwa sababu gesi hiyo haina sumu. Kwa mkulima ni hasara kavu. Mbolea ya viwandani hutengenezwa kwa kuilazimisha naitrojeni ya hewa iungane na haidrojeni kwenye joto la mamia ya nyuzi na shinikizo kubwa, kazi iliyoanza kufanywa kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Tunainunua, tunaisafirisha hadi Mombasa, tunaipandisha kwa lori hadi Kitale, muhindi unaifyonza, kisha kiberiti kimoja kinairudisha ilikotoka.

Ile isiyorudi kuwa hewa tupu huanguka mahali fulani na mvua au vumbi. Sehemu ya naitrojeni na fosforasi inayorutubisha Ziwa Victoria kupita kiasi huingia kwa njia ya anga, na moto wa mashamba ni mmoja wa wachangiaji. Mto Nzoia hubeba mchango wake kwa maji, moshi wa Trans Nzoia hubeba wake kwa upepo. Gugu maji halijali naitrojeni yake ilitoka wapi.

Ninajua jibu la mkulima, kwa sababu ni jibu zuri. Atakuonyesha mahali rundo lilipochomewa mwaka jana: mahindi ya pale ni ya kijani iliyokoza kuliko ya pembeni. Macho yake hayamdanganyi. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo, nayo hupunguza uchachu wa udongo, na udongo wa Trans Nzoia, baada ya miaka mingi ya mbolea ya DAP, una kiu ya chokaa. Isitoshe, joto la rundo huchemsha viumbe na mboji ya tabaka la juu la udongo, ikaachia amonia ambayo mimea huifaidi msimu huo. Doa la kijani ni mchanganyiko wa majivu ya ekari nzima yaliyorundikwa sehemu moja na akiba ya udongo iliyotolewa kwa pupa. Katika majivu yenyewe naitrojeni karibu haipo.

Wapishi wa Kiluhya huyajua majivu haya kwa undani kuliko maofisa wengi wa kilimo. Mashina na maganda ya maharagwe yaliyokauka huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji yakapitishwa polepole, na kinachodondoka ni maji ya rangi ya chai ya rangi, musherekha, ya kulainishia likhubi, yaani kunde, na murenda. Ukali wake kwenye ulimi ni potasiamu. Ni matumizi mazuri ya potasiamu, na sitamwambia mtu aache mboga zake. Ila mashina ya maharagwe yana naitrojeni karibu asilimia moja, zaidi ya mabua, na kiasi kinachohitajiwa kwa musherekha ni kidogo mno kulinganisha na marundo tunayoyachoma kwa sababu tu yamekaa njiani.

Mkulima ana hoja nyingine zenye nguvu zaidi. Mabua ndiyo malazi ya viwavi wa kutoboa mashina wakati wa kiangazi. Ukiyafukia mabichi mwezi Machi, wadudu wadogo wa udongo wanaoyaozesha watahitaji naitrojeni na wataikopa kutoka udongoni, mahindi machanga yakawa ya manjano wiki kadhaa. Aliyejaribu mara moja akaona manjano hayo hawezi kushawishika na hotuba. Na kukodi trekta ya kukatakata mabua ni gharama. Kwa hiyo simlaumu anayechoma. Ninachodai ni kwamba achague cha kuchoma.

Chaguo hilo linaweza kufanywa kwa naitrojeni. Kuni za kawaida zina takriban asilimia 0.1 hadi 0.3. Makapi ya miwa, yaani bagasi, karibu 0.3. Magunzi hukaribia 0.5. Juu ya hapo kuna mabua na majani, juu yake mashina ya maharagwe, na kileleni maganda laini ya kahawa kutoka viwanda vya kuoshea kahawa vya miteremko ya Mlima Elgon, ambayo yakikaushwa yanaweza kufika asilimia 2, pamoja na samadi. Nusu ya kwanza ya orodha hiyo ni kuni. Nusu ya pili ni mbolea iliyokosa mtu wa kuitambua. Hata jikoni mpangilio huu unafaa, kwa kuwa gunzi huwaka polepole, lina joto zuri na moshi wake una naitrojeni kidogo.

Tukiwa jikoni, niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zikipikia kuni. Kinachowaumiza akina mama katika jiko lisilo na dirisha ni kwanza masizi laini na kaboni monoksaidi. Misombo ya naitrojeni inafuata nyuma yao. Watu wa Bungoma wanaijua sianidi kwa mihogo michungu, na nisingependa mtu aanze kuogopa moshi wa gunzi kama anavyouogopa muhogo ambao haujalowekwa. Kipimo ni kidogo. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipopima moshi wa majani na vichaka waligundua asidi isosianiki kwa kiasi ambacho hakikutarajiwa, na gesi hiyo ikiyeyuka mwilini huweza kuzibadili protini zetu zenyewe. Tangu hapo jiko la majani membamba na makapi ya maharagwe, lenye joto la ghafla na hewa haba, lina sababu moja zaidi ya kuepukwa.

Kwenye kiwanda mambo hubadilika. Kiwanda cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, kama viwanda vyote vya sukari hujichemshia mvuke kwa bagasi yake. Kila tani 100 za miwa huacha kama tani 30 za bagasi, nusu yake ikiwa maji. Ndani ya tanuri bagasi hurushwa juu ya moto, ile laini ikaungua ingali inaelea hewani. Huo ndio upashaji moto wa kasi hasa: chembe hupanda mamia ya nyuzi kwa sekunde. Kinachookoa ni kwamba bagasi ina naitrojeni kidogo na unyevu mwingi. Mumias, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, ilionyesha mwaka 2009 kwamba bagasi inaweza kuzalisha umeme hadi megawati 34 na sehemu kubwa ikauzwa kwenye gridi. Mpango ule ulizama pamoja na kiwanda, kwa sababu ambazo hazikuwa za kemia.

Hatari huja pale bagasi inapopungua na meneja kuanza kununua chochote kinachoungua: mabua, majani ya miwa, maganda ya kahawa. Kwa hesabu ya joto pekee, vyote vinakaribiana. Kwa hesabu ya naitrojeni, ametoka 0.3 akaenda 0.6, au mara kadhaa zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba kadiri naitrojeni ya kuni inavyopanda, sehemu inayogeuka oksidi hupungua kidogo. Lakini jumla inayotoka kwenye bomba la moshi bado hupanda. Kenya imekuwa na kanuni za ubora wa hewa chini ya sheria ya mazingira tangu 2014, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo inayozisimamia. Wakazi wa Webuye, walioishi miaka na harufu ya kinu cha karatasi cha Panpaper hadi kilipofungwa 2009, hawahitaji kufundishwa kwamba bomba la moshi hutoa kemia. Harufu ile ilikuwa ya salfa na kila pua iliisikia. Oksidi za naitrojeni katika kiwango cha kawaida hazijitangazi hivyo, na hilo ndilo linalowafanya wengi wazisahau.

Lipo kosa moja la kitaalamu ninalolikuta tena na tena kwenye ripoti za miradi ya kuni mbadala. Sampuli ya mabua hupelekwa maabara, ikapashwa moto kwa mwendo wa nyuzi 10 kwa dakika, na matokeo yakaandikwa kana kwamba ndivyo kuni hiyo itakavyofanya ndani ya tanuri. Kwa nyuzi 10 kwa dakika, kufika 600 huchukua karibu saa nzima. Tanurini huchukua sekunde. Kifaa kile ni kizuri kwa kazi nyingine, lakini kitakuonyesha naitrojeni imetulia kwenye mkaa huku halisi ikiwa tayari imepanda bombani. Anayepokea ripoti kama hiyo aulize swali moja: mlipasha kwa kasi gani?

Mwendo wa pole wenyewe una wauzaji wake siku hizi, wanaouza mkaa wa kurutubisha udongo, baiocha. Hapa magharibi tuna ushahidi wa kweli: utafiti wa Joseph Kimetu, Johannes Lehmann na wenzao, uliochapishwa 2008, ulionyesha mkaa ukiinua sana mavuno ya mahindi kwenye mashamba yaliyochoka ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Lakini tusiuziwe zaidi ya kilichomo. Naitrojeni inayobaki kwenye mkaa imefungwa katika pete ngumu ambazo mizizi haiwezi kuzifungua kwa msimu mmoja wala mitano. Mkaa hushika maji, hupunguza uchachu, na ukichanganywa na mkojo wa ng'ombe huizuia amonia isitoroke. Ununue kwa sababu hizo. Anayeuita mbadala wa CAN anakudanganya.

Njia isiyo na moto kabisa imeshajaribiwa hapahapa, na kwa ukubwa. Shirika la Vi Agroforestry, lililoanza kupanda miti kutokea Kitale mwaka 1983, liliendesha mradi wa kaboni ya kilimo Bungoma na Kisumu kwa ufadhili wa mfuko wa Benki ya Dunia, ukilenga wakulima wapatao 60,000. Walifunzwa kutandaza mabua, kutengeneza mboji na kupanda miti inayorutubisha udongo. Mwaka 2014 mradi huo ulipata hati za kaboni ya udongo, miongoni mwa za kwanza barani. Fedha zilizomfikia mkulima mmoja mmoja kutokana na kaboni zilikuwa kiasi cha kukatisha tamaa. Faida kubwa ilikuwa ya shambani, na nusu ya faida hiyo, ninavyoisoma mimi, ilikuwa naitrojeni iliyobaki nyumbani, ambayo hakuna soko lililoipa hati. Mabua yaliyooza na samadi miezi mitatu hayana tena ile njaa ya kukopa naitrojeni udongoni, na viwavi hawaponi kwenye joto la biwi lililogeuzwa vizuri. Hoja mbili za mkulima zinajibiwa hapo. Ya tatu, ya nguvu kazi, haijajibiwa, na kaunti zinazogawa mbegu za bure zingeweza kugawa mashine za kukata mabua badala yake.

Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa wawekezaji kwa miaka 30, Nzoia kikiwa kimojawapo. Mwendeshaji mpya wa kiwanda cha zamani mapema au baadaye hununua tanuri. Tanuri linaweza kupangwa liingize hewa kwa awamu: chini hewa haba, ili sianidi na amonia zigeuzane kuwa naitrojeni tupu, kisha juu hewa ya kumalizia kuunguza. Mbinu hii ni ya zamani, inajulikana, na haidai dawa wala kichujio. Likishajengwa bila matundu ya hewa hiyo, kuyaongeza baadaye ni kulipasua upya. Kwa hiyo mahali pa kuidai ni kwenye zabuni, kabla chuma hakijakatwa, kando ya mstari mmoja unaotaja asilimia ya juu ya naitrojeni katika kuni yoyote itakayonunuliwa kutoka nje ya kiwanda.